Muulize Mhasibu: Kodi iliyoahidiwa na gari ambalo halikununuliwa

Shikamoo Mama. Mimi na shemeji yangu tulifungua kampuni ya kusafisha maofisi hapa Hamilton, Ontario, Kanada, mwaka 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Tuliambiwa kodi ya kampuni ndogo itashuka mpaka asilimia 9. Waliokuwa madarakani walisema hivyo, na walioshinda nao walikuwa wamesema hivyo hivyo. Tukapanga kununua gari la pili. Machi 2016 bajeti ikasomwa, tukaambiwa tusubiri. Shemeji mpaka leo akikasirika anasema serikali ilikula gari letu. Na kila uchaguzi ukikaribia nasikia ahadi za namna ile ile. Naomba unieleze ilikuwaje, na tulipoteza kiasi gani hasa. Faida yetu miaka hiyo ilikuwa kama dola 60,000, na tulikuwa na wafanyakazi watano, kila mmoja saa 20 kwa wiki. — Baba Usafi, Hamilton

Marahaba, mwanangu. Hukuota. Mliahidiwa kweli, na ahadi yenyewe ilikuwa na nguvu kuliko unavyoikumbuka, maana haikuwa maneno ya jukwaani tu. Bajeti ya Aprili 2015, iliyosomwa na Joe Oliver, waziri wa fedha wa Stephen Harper, waziri mkuu wa wakati huo, ilipanga kiwango cha serikali kuu kwa kampuni ndogo kishuke nusu nusu: kutoka asilimia 11 hadi 10.5 mwaka 2016, 10 mwaka 2017, 9.5 mwaka 2018, na 9 mwaka 2019. Bunge likapitisha, ikawa sheria. Kwenye kampeni, chama cha Liberal cha Justin Trudeau kikasema nacho kitafika 9. Chama cha NDP vilevile. Kwa hiyo mwenye kampuni ndogo aliyepiga kura Oktoba 19, 2015 alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ashinde nani, ashindwe nani, yeye atapata 9 yake.

Machi 22, 2016, waziri mpya wa fedha, Bill Morneau, akasoma bajeti yake ya kwanza. Kiwango kikabaki 10.5. Hatua zilizofuata zikaahirishwa bila kupewa tarehe, na zile tarehe zilizokuwa kwenye sheria zikaondolewa.

Sababu iliyosemwa na wengi ni nakisi, yaani matumizi kuzidi mapato. Kwenye kampeni Liberal walisema watakopa kwa kiasi, kama dola bilioni 10 kwa mwaka hivi. Bajeti ilipofika mezani, nakisi ya 2016-17 ilikadiriwa kuwa bilioni 29.4. Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka, mapato yamepungua, na wakati huo huo kulikuwa na ahadi nyingine kubwa za kulipia. Penye hali hiyo serikali hutafuta kitu cha kusogeza mbele ambacho hakitaleta watu barabarani.

Lakini mimi sababu ya pili naipa uzito zaidi. Septemba 2015, katikati ya kampeni, Trudeau alihojiwa na shirika la utangazaji la CBC akasema sehemu kubwa ya hizi kampuni ndogo ni njia tu ya watu wenye uwezo kupunguza kodi yao. Alikuwa anawafikiria madaktari, mawakili, washauri wa kulipwa, watu wanaojisajili kama kampuni ili walipe kiwango cha chini badala ya kiwango cha juu cha mtu binafsi. Wapinzani wake walimrukia siku mbili tatu, kisha habari ikapita. Mtu anayeamini hivyo hawezi kuwa na haraka ya kushusha kiwango. Na ukiifungua bajeti ile ile ya Machi 2016 utakuta, pamoja na kusimamisha punguzo, waliziba njia ambayo ubia wa wataalamu uliitumia kuzidisha nafuu ya biashara ndogo, kila mbia na kampuni yake. Msimamo ulikuwa mmoja. Sisi tuliokuwa tunasubiri 9 ndio tulisikia nusu ya maneno.

Sasa, punguzo liliwezaje kurudi? Julai 18, 2017, Morneau alitoa mapendekezo ya kubana kampuni binafsi: kugawia mapato ndugu wasiofanya kazi, na kulimbikiza uwekezaji ndani ya kampuni. Nchi nzima ikawaka. Wakulima, madaktari, wenye migahawa, wote wakaja juu. Oktoba 16, Trudeau na Morneau wakaenda kwenye mgahawa mmoja huko Stouffville, Ontario, wakatangaza kwamba kiwango kitashuka hadi asilimia 10 kuanzia Januari 2018 na asilimia 9 kuanzia Januari 2019. Tazama mwaka wa mwisho: 2019. Ndio ule ule uliokuwa kwenye sheria ya Harper. Punguzo lililokaa kabatini mwaka mzima na zaidi lilipatikana ndani ya wiki chache serikali ilipohitaji kutuliza watu. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuamini kwamba fedha hazikuwepo.

Haya, tupige hesabu yenu. Mwaka 2016 mlilipa 10.5, kama ilivyopangwa. Mwaka 2017 mlitakiwa kulipa 10, mkalipa 10.5, nusu asilimia ya dola 60,000 ni dola 300. Mwaka 2018 mlitakiwa 9.5, mkalipa 10, nyingine 300. Mwaka 2019 mkafika 9 kama wote. Jumla dola 600.

Mwambie shemeji aketi kwanza kabla hujamsomea hapo.

Hata kampuni iliyojaza kikomo chote cha nafuu, yaani faida ya dola 500,000, kwa ucheleweshaji ule ilipoteza dola 5,000 katika miaka miwili. Na hata hizo si zote zilizopotea kweli, maana kama mlikuwa mnatoa faida kama gawio, kuna mlango wa nyuma ambao wanasiasa hawautaji: kiwango cha kampuni ndogo kikishuka, nafuu ya kodi anayopata mwenye hisa kwenye gawio nayo hupunguzwa, ili jumla ya kodi ya kampuni na ya mtu ibaki karibu pale pale. Kiwango cha kukuzia gawio hilo, yaani asilimia inayoongezwa juu yake wakati wa kukokotoa kodi na nafuu ya mwenye hisa, kilitoka asilimia 17 kwenda 16 mwaka 2018, kisha 15 mwaka 2019. Punguzo hulifaidi kweli pale unapoziacha fedha ndani ya kampuni zikafanye kazi. Kama kila Desemba mlikuwa mnagawana chote, mkono mmoja ulikupa na mwingine ukachukua sehemu.

Sasa nikuonyeshe kilichokula gari. Mwishoni mwa 2017 kima cha chini cha mshahara Ontario kilikuwa dola 11.60 kwa saa. Januari 1, 2018 kikawa dola 14. Tofauti ni dola 2.40. Mfanyakazi mmoja wa saa 20 kwa wiki ana saa 1,040 kwa mwaka, kwa hiyo nyongeza ni dola 2,496. Watano ni dola 12,480, kabla hujaweka michango ya pensheni na bima ya ajira juu yake. Ili kupoza maumivu, serikali ya jimbo ilishusha kodi yake ya kampuni ndogo siku hiyo hiyo kutoka asilimia 4.5 hadi 3.5. Kwenu hiyo ni dola 600. Mlipewa 600 mkatakiwa kutoa 12,480.

Sisemi wafanyakazi wenu hawakustahili. Kusafisha choo cha ofisi usiku wa manane Januari si kazi ya dola 11.60. Nasema tu kwamba kama mpango wa gari ulikuwa unasimama au kuanguka kwa dola 300, haukuwa mpango. Na niongeze kitu ambacho huenda hutakipenda: sheria ile ya jimbo ilikuwa imepanga kima kifike dola 15 Januari 2019. Baada ya uchaguzi wa Juni 2018 serikali mpya ikasimamisha kwenye 14, na 15 haikufika mpaka Januari 2022. Wenye kampuni walioita ucheleweshaji wa 2016 wizi sikuwasikia wakiuita huu hivyo. Nina wateja walioleta keki ofisini.

Kuhusu gari lenyewe, nafuu kubwa ilipita pembeni bila kelele za kampeni. Magari na vifaa vilivyonunuliwa na kampuni binafsi za Kikanada kuanzia Aprili 19, 2021 na kuanza kutumika kabla ya 2024 viliruhusiwa kukatwa vyote mwaka huo huo, hadi jumla ya dola milioni 1.5 kwa mwaka, badala ya kukata uchakavu kidogo kidogo. Ilitangazwa kwenye bajeti ya Aprili 2021. Sheria yenyewe ikakamilika Juni 2022. Kwa gari la kazi la dola 45,000 hiyo ilikuwa na maana kuliko miaka mingi ya nusu asilimia. Kama mlinunua gari lolote kipindi hicho na mhasibu wenu hakuitumia, niandikieni tena, maana ritani (fomu za kodi za mwaka) za nyuma zina muda wake wa kurekebishwa.

Mama, mimi ni msusi, nasukia nyumbani na wakati mwingine kwa wateja, Scarborough. Kila nikisikia "kodi ya biashara ndogo imepunguzwa" nafurahi, halafu nikifanya ritani sioni tofauti. Kuna kitu sikijazi? — Mikono Miwili

Hakuna, mama. Ile kodi ni ya kampuni zilizosajiliwa kama kampuni. Wewe unafanya biashara kwa jina lako, faida yako inaingia kwenye ritani yako binafsi na inatozwa kwa viwango vya mtu binafsi. Wakishusha kodi ya kampuni ndogo hata ikawa sifuri, wewe haikugusi.

Kinachokugusa ni kama kile cha Julai 1, 2025, pale kiwango cha chini kabisa cha serikali kuu kwa watu binafsi kilipotoka asilimia 15 kwenda 14. Kwa kuwa kilianza katikati ya mwaka, kwa 2025 nzima kinahesabiwa 14.5. Hiyo uliipata, hata kama hukuisikia.

Na tafadhali usikimbilie kusajili kampuni kwa sababu ya kiwango. Kwa Ontario mwaka 2025 kampuni ndogo ililipa asilimia 9 ya serikali kuu na 3.2 ya jimbo, jumla 12.2, inavutia kweli. Lakini fedha za kampuni si zako mpaka uzitoe, na ukizitoa unalipa tena kama mtu binafsi. Ukiongeza gharama ya hesabu za kampuni kila mwaka, msusi anayekula chote anachopata hana anachookoa. Siku utakapobaki na fedha ambazo huzihitaji nyumbani, njoo tuzungumze.

Dada, mimi dereva wa lori, Calgary, nina kampuni yangu. Huku kwetu jimbo la Alberta, Kenney alipogombea kuongoza jimbo aliahidi kupunguza kodi ya kampuni akapunguza, tena kabla ya muda. Nyie Ontario mnaahidiwa tu. Kwa nini msijifunze kwetu? Na je, mimi nimeokoa kiasi gani? — Kamanda wa Barabara Kuu

Kamanda, swali lako la kwanza ni la haki. Jason Kenney alishinda Aprili 2019 na kufikia Julai 1 kiwango cha jimbo kilikuwa kimetoka asilimia 12 hadi 11. Januari 2020 kikawa 10. Ratiba ilikuwa kufika 8 mwaka 2022. Halafu likaja janga, mafuta yakaanguka, nakisi ikafumuka, na serikali yake, badala ya kuchelewesha, ikaharakisha: 8 ikaanza Julai 1, 2020. Huo ni ushahidi kwamba nakisi peke yake haiahirishi kodi. Serikali iliyo na hoja yake huitumia nakisi kuchelewesha, na iliyo na hoja kinyume huitumia hiyo hiyo kuharakisha.

Ontario ni hadithi ndefu zaidi. Mwaka 2009 serikali ya Dalton McGuinty ilipanga kiwango cha jumla cha kampuni, yaani kile kisicho cha kampuni ndogo, kishuke hatua kwa hatua hadi asilimia 10 ifikapo Julai 2013. Kilifika 11.5 Julai 2011. Oktoba mwaka huo ukaja uchaguzi, na chama chake kikapata viti 53 kati ya 107, yaani kilikosa wingi kwa kiti kimoja. Machi 2012 waziri wa fedha, Dwight Duncan, akasoma bajeti: kiwango kisimame 11.5 mpaka bajeti isawazike. Na ili bajeti ile ipite, wakakubaliana na NDP kuongeza kodi kwa watu wenye mapato ya zaidi ya dola 500,000. Ukipoteza kiti kimoja unaongea lugha nyingine.

Bajeti ilipangwa kusawazika 2017-18. Kiwango hakikusogea. Mwaka 2018 Doug Ford akaahidi kukishusha hadi 10.5, akashinda kwa wingi mkubwa. Hakikusogea. Alichofanya ni kuharakisha ukataji wa uchakavu wa mitambo, na kupunguza kile cha kampuni ndogo kutoka 3.5 hadi 3.2 kuanzia Januari 2020. Leo hii kiwango cha jumla bado ni 11.5. Hapo wapo watoto waliozaliwa kikiwa kimesimamishwa "kwa muda" na sasa wako sekondari.

Na angalia hiyo 3.5 kwenda 3.2. Kwenye mikutano ya kampeni unaweza kuinadi kama punguzo la zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya biashara ndogo, na hutakuwa umedanganya. Kwenye faida ya dola 60,000 ni dola 180 kwa mwaka. Ukiambiwa asilimia, uliza asilimia ya nini.

Sasa swali lako la pili, ambalo nadhani uliliweka mwishoni ukijua jibu ni tamu. Si tamu. Alichopunguza Kenney ni kiwango cha jumla, kile cha kampuni kubwa na cha faida inayozidi dola 500,000. Kampuni ndogo Alberta inalipa asilimia 2 tangu Januari 2017. Ilitoka 3, na aliyeishusha ni Rachel Notley wa NDP, aliyeongoza jimbo kabla ya Kenney, pamoja na tozo yake ya kaboni ambayo ninyi madereva mliilaani kwenye kila kituo cha mafuta. Kama faida yako haijawahi kuvuka nusu milioni, kutoka kwa punguzo la Kenney umeokoa sifuri.

Ila kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako. Umesema una kampuni. Hukusema una lori. Kama lori ni lako, unalipa mafuta na matengenezo, unachukua mizigo ya watu mbalimbali, basi vizuri. Lakini kama unaendesha lori la kampuni moja, kwa ratiba yao, na kampuni yako ni karatasi tu waliyokuambia usajili ili wasikukate kodi kwenye mshahara, basi CRA, mamlaka ya kodi ya Kanada, inaweza kukuona kama mwajiriwa aliyevaa koti la kampuni. Kampuni ya aina hiyo haipati nafuu ya biashara ndogo hata senti. Serikali kuu peke yake inatoza asilimia 33, na gharama nyingi unazokata zinakataliwa. Vijana wetu wengi wameingizwa humo na watu waliowapa kazi, nao hujua siku barua ya CRA inapofika, miaka mitatu baadaye, aliyewaajiri keshafunga ofisi. Chukua mkataba wako umpelekee mhasibu aliyesajiliwa, wiki hii. Usisubiri msimu wa ritani.

Mheshimiwa mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Ottawa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa nini wafanyabiashara wasiende mahakamani kudai kodi iliyoahidiwa? Mbona mtu wa kawaida akivunja mkataba anashtakiwa? — Mwanasheria Mtarajiwa

Walishakwenda, mwanangu. Si kwa kodi ya biashara, ila jambo ni lile lile. Kwenye kampeni ya 2003, McGuinty, huyo huyo wa viti 53, alitia saini mbele ya kamera hati ya Shirikisho la Walipakodi wa Kanada, akiahidi kutopandisha kodi wala kuanzisha mpya bila ridhaa ya wapiga kura. Akashinda. Bajeti ya Mei 2004 ikaleta mchango wa afya wa jimbo, hadi dola 900 kwa mtu kwa mwaka. Shirikisho likaenda mahakamani mwaka huo huo na hati yake yenye saini.

Jaji Paul Rouleau akatupa kesi. Ahadi ya kampeni, hata iliyoandikwa na kutiwa saini, si mkataba. Mgombea hana mamlaka ya kuifunga serikali ambayo bado haipo, na bunge haliwezi kuzuiwa kutunga sheria ya kodi kwa sababu ya karatasi aliyotia saini mtu mmoja kabla hajachaguliwa. Mchango wenyewe upo mpaka leo. Tazama ritani ya mzazi wako, utauona.

Mimi, pamoja na machungu yote ya Baba Usafi hapo juu, nadhani jaji alikuwa sahihi. Fikiria kinyume chake: serikali inaingia, inakuta hazina ina shimo, halafu mahakama inailazimisha kushusha kodi kwa sababu ya hotuba. Nani angelipa mishahara ya wauguzi? Kasoro ninayoiona iko mahali pengine. Mwaka 2016 kilichoondolewa hakikuwa ahadi, kilikuwa sheria yenye tarehe. Watu walishapanga kwa kuitegemea. Kisheria bunge lina haki kamili ya kubadili, na halidaiwi fidia. Lakini waziri anayebadili sheria ya aina hiyo angalau anapaswa kusema lini au kusema haitarudi. Kuacha mlango nusu wazi ndiko kunakomgharimu mwenye kampuni, kwa sababu hawezi kupanga kwa 10.5 wala kwa 9. Ukifika bungeni siku moja, kumbuka hilo.

Na hilo la ahadi ni deni, wahenga walikuwa wanaongea na watu wanaojuana majina.

Mama Mhasibu, nina kampuni ndogo ya kupika vyakula vya sherehe, London, Ontario. Nalipa kodi kwa awamu kila robo mwaka. Nimesikia kwenye kampeni kuna mpango wa kupunguza kodi ya kampuni ndogo. Naweza kuanza kulipa awamu ndogo zaidi sasa hivi, kwa kutarajia? — Sufuria Kubwa

Hapana, usifanye hivyo.

Una njia mbili tatu za kukokotoa awamu. Unaweza kutumia kodi ya mwaka jana, au kukadiria ya mwaka huu. Ukitumia ya mwaka jana, CRA haiwezi kukutoza riba hata kama mwaka huu utaishia na kodi kubwa zaidi. Ukikadiria ya mwaka huu kwa kiwango ambacho bado hakijawa sheria, na kisipokuja, umelipa pungufu. Riba inaanza kuhesabiwa, inazaana kila siku, na huruhusiwi kuikata kama gharama ya biashara. Utakuwa umelipia ahadi ya mtu mwingine kwa fedha zako.

Subiri mambo matatu: muswada upite, tarehe ya kuanza iwe imeandikwa, na iwe ni kiwango cha kampuni ndogo, si kile cha jumla. Kikianza katikati ya mwaka wako wa hesabu, hutapata chote mara moja. Kinagawanywa kwa idadi ya siku zilizo kabla na baada ya tarehe hiyo. Mwenye kampuni inayofunga hesabu Juni 30, kwa mfano, kiwango cha Januari kinamgusa nusu mwaka tu. Ukishalipa zaidi ya unachodaiwa, utarudishiwa utakapowasilisha ritani.

Angalia pia kama unatakiwa kulipa awamu kabisa. Kama kodi ya kampuni yako ilikuwa dola 3,000 au chini mwaka jana, au inatarajiwa kuwa hivyo mwaka huu, hulazimiki. Unalipa yote mwishoni, na kampuni ndogo nyingi zina miezi mitatu baada ya kufunga hesabu badala ya miwili. Kwa anayepika sherehe za kiangazi na kukaa bila kazi Februari, kutolipa awamu wakati wa baridi ni nafuu ambayo ipo tayari kwenye sheria. Nitumie ritani ya mwaka jana, ukurasa wenye kodi ya jumla tu, nikuangalizie.